Barua za mapendekezo kwa shule za sheria Marekani: utaratibu umebadilika, naomba mwongozo

Mkalimani wa Columbus:

Ndugu zangu, habari za majukumu.

Ninaishi Columbus, Ohio, na ninajiandaa kuomba nafasi ya kusomea shahada ya JD, ile ya sheria wanayoisoma mawakili wa huku, katika shule kadhaa za sheria hapa Marekani. Shahada yangu ya kwanza, ya sayansi ya siasa na utawala, niliipata Dar es Salaam, na tangu nihamie huku nimekuwa nikifanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili katika ofisi inayotoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo. Mtihani wa LSAT, ule wa kuombea shule za sheria, ninaendelea kuusomea na sina malalamiko nao. Kinachonitatiza ni barua za mapendekezo.

Kaka yangu mkubwa alipoomba kusoma nje miaka ile, mambo yalikuwa bayana: mhadhiri aliandika barua, akaigonga mhuri wa idara, akaitia kwenye bahasha na kuweka saini yake pale bahasha ilipogundiwa, kisha kaka akazikusanya bahasha zote na kuzituma kwa posta pamoja na fomu zake. Sasa naambiwa kwamba barua haipaswi kupita mikononi mwangu kabisa, kwamba inakwenda kwanza kwa chombo kiitwacho LSAC kabla ya kufika shuleni, na kwamba kuna mahali ninapotakiwa kuweka alama kuonyesha kuwa ninaachilia haki yangu ya kuisoma. Sielewi kwa nini niachilie haki yoyote kabla sijajua kilichoandikwa juu yangu.

Halafu kuna suala la waandishi wenyewe. Mhadhiri aliyesimamia utafiti wangu wa mwaka wa tatu amekubali kunisaidia, ila jibu lake lilikuwa fupi: "Andika wewe, unitumie, nitatia saini." Mwalimu mwingine, ambaye ndiye aliyenifahamu vizuri zaidi, amestaafu na yuko kijijini, na baruapepe zake huzisoma pale mjukuu wake anapomtembelea. Mkuu wa idara wa sasa ana cheo kikubwa lakini hajawahi kunifundisha hata kipindi kimoja. Msimamizi wangu wa kazi, ambaye ni wakili, amejitolea mwenyewe bila kuombwa. Nimchague nani kati ya hawa, na je, barua moja yaweza kutumika kwa shule zote?

Wakili wa Houston:

Ndugu Mkalimani, karibu sana. Nianze na utaratibu, kwa sababu mambo mengine yote yanasimama juu yake.

LSAC ni baraza lililoundwa mwaka 1947 na shule za sheria zenyewe, na makao yake yako Newtown, Pennsylvania. Ndilo linaloendesha LSAT, na ndilo lenye huduma iitwayo CAS, zamani ikijulikana kama LSDAS, ambayo hukusanya nakala zako za matokeo, barua zako na alama zako za mtihani na kuzituma kama fungu moja kwa kila shule unayoiomba. Karibu shule zote zilizoidhinishwa na Chama cha Wanasheria cha Marekani, yaani ABA, zinakutaka upitie humo. Kwa hiyo wewe kazi yako ni kuingiza jina na baruapepe ya mwandishi katika akaunti yako. LSAC humtumia kiungo, naye hupakia barua yake moja kwa moja, ikiwa na saini. Asiyeweza kupakia huandika kwenye karatasi na kuituma kwa posta, akiambatanisha fomu unayoichapisha kutoka kwenye akaunti yako. Kwa njia zote mbili barua hutoka mkononi mwa mwandishi na kufika LSAC bila wewe kuigusa.

Badiliko ambalo watu wengi hawalitambui liko baada ya hapo. Zamani barua zilizokuwa za jumla zilitumwa zenyewe kwa kila shule. Leo hakuna barua inayokwenda popote mpaka wewe uingie kwenye akaunti na kuigawia kila shule, moja baada ya nyingine. Nimeona waombaji wazuri wakikaa wiki nyingi wakidhani mambo yamekamilika kwa kuwa akaunti inaonyesha barua imepokelewa, kumbe shule inasubiri na faili lao limeandikwa kuwa halijatimia. Tazama pia kwamba LSAC huchukua takribani wiki mbili kuishughulikia barua tangu inapoipokea, na muda huo haupungui kwa sababu ya haraka yako.

Kwa maana hiyo, ndiyo, barua moja yaweza kutumika kwa shule zote, mradi isitaje jina la shule yoyote. Unapomwongeza mwandishi katika akaunti utapewa nafasi ya kuieleza barua yake. Andika waziwazi kama ni ya jumla au ni ya shule fulani pekee, maana barua inayosema kwamba Georgetown imekuwa ndoto yako ikifika Michigan itakuaibisha bure. LSAC iliwahi pia kuwa na fomu ya tathmini, ambamo mwalimu alimpima mwanafunzi kwa alama katika sifa mbalimbali, kando ya barua. Fomu hiyo haipo tena, na kwa maoni yangu haikuacha pengo, kwa sababu kila mwalimu alimpa kila mwanafunzi alama za juu.

Sasa, haki ya kuisoma. Haki hiyo inatokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo FERPA, inayompa mwanafunzi ruhusa ya kuona kumbukumbu zake za masomo, zikiwemo barua hizi, katika chuo anachosoma. Ukikataliwa na shule, huna haki hiyo kwao hata kama hukuiachilia, kwa kuwa hukuwahi kuwa mwanafunzi wao. Sheria hiyohiyo inakataza shule kufanya uachiliaji kuwa sharti la kukupokea. Hata hivyo nakushauri uiachilie. Msomaji wa kamati anayeona kwamba mwombaji amejihifadhia haki ya kuisoma barua huanza kujiuliza kama mwandishi alisema yote aliyoyajua, na shaka hiyo inakuumiza wewe, haimuumizi mwandishi. Ulinzi wako uko kabla ya hapo: muulize mtu ana kwa ana, au kwa simu, kama anaweza kukuandikia barua yenye nguvu, na ukisikia anasitasita, mshukuru na umwendee mwingine.

Kuhusu "andika wewe nitatia saini," naomba walimu walio humu watangulie kusema.

Mwalimu wa Morogoro:

Nashukuru Wakili kwa kunipisha. Ninafundisha sheria chuo kikuu kwa miaka mingi sasa, na jibu alilopewa ndugu yetu nimelisikia kwa wenzangu mara nyingi. Nataka kwanza nieleze linatoka wapi, kwa sababu si uvivu peke yake.

Mfumo wetu wa kupokea wanafunzi hauzijui barua hizi. Kwetu Tanzania vyuo huangalia ufaulu chini ya vigezo vya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na Kenya chombo cha serikali kiitwacho KUCCPS huwapangia wanafunzi vyuo kwa alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwalimu wetu anaweza kufundisha mpaka akastaafu bila kuona barua ya mapendekezo ikiamua jambo lolote. Barua anayoijua ni ile ya kuthibitisha mwenendo: kwamba fulani alikuwa mwanafunzi wetu tangu mwaka fulani, ana nidhamu, hakuwahi kupatikana na kosa, na tunamtakia kila la heri katika masomo yake. Kwa ofisi zetu hiyo ni barua njema kabisa. Kwa kamati ya Marekani, iliyozoea kurasa mbili za habari mahususi, mistari mitano ya namna hiyo husomeka kama mtu anayekwepa kusema jambo. Ongeza darasa la wanafunzi mamia na rundo la mitihani isiyosahihishwa, na utaona kwa nini mwalimu anaona kwamba anamsaidia mwanafunzi anapomwachia aandike mwenyewe.

Pamoja na hayo, usikubali. LSAC inahesabu barua isiyo halisi, iliyobadilishwa au isiyoidhinishwa kuwa utovu wa uaminifu, na ina chombo chake cha kuchunguza mambo hayo ambacho matokeo yake hupelekwa kwa shule. Zaidi ya hapo, ukimaliza shule utaomba kusajiliwa kuwa wakili, na kila jimbo huchunguza mwenendo wa mwombaji kwa kurudi nyuma mpaka kwenye maombi yake ya shule ya sheria. Unaweza kusema kwamba mhadhiri ametia saini na kwa hiyo maneno ni yake. Mimi sioni hivyo. Saini ya mwalimu inasema: haya nimeyaona mwenyewe. Akitia saini juu ya mambo uliyoyaona wewe kuhusu nafsi yako, kamati imedanganywa hata kama kila sentensi ni ya kweli. Na hata ukiliweka kando suala la uadilifu, wasomaji wale husoma maelezo yako binafsi na barua zako kwa mkao mmoja, na wanaijua sauti moja inapojitokeza mahali pawili.

Badala ya rasimu, mpelekee kumbukumbu. Andika ukurasa mmoja: alikufundisha somo gani na mwaka gani, kichwa cha utafiti wako kilikuwa kipi, ulipata alama gani, alikuambia nini alipokurudishia kazi yako, na unataka kusomea sheria kwa sababu gani. Ambatanisha nakala ya utafiti wenyewe, hasa ikiwa ina maandishi yake pembeni. Mwalimu akiona mwandiko wake mwenyewe, kumbukumbu hurudi.

Nitoe mfano. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika karatasi kuhusu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Katika rasimu yake ya kwanza alidai kwamba cheti cha hakimiliki ya kimila kinatosha kumlinda mjane asinyang'anywe shamba. Nikamwandikia pembeni neno moja tu: "Umejuaje?" Alikaa kimya muda mrefu, kisha akarudi na kumbukumbu za mashauri ya baraza la ardhi la kijiji alikozaliwa, na hoja yake ameigeuza: cheti kinasaidia pale ambapo jina la mke limeandikwa juu yake, na pale ambapo halikuandikwa, mjane anaanza safari akiwa nyuma. Alipokuja kuniomba barua, sikuandika kwamba ana akili na bidii. Niliandika kisa hicho, kwa urefu, pamoja na sentensi yake ya mwanzo na ile aliyoibadilisha. Kamati haiwezi kukipata kisa hicho katika nakala ya matokeo wala katika LSAT, na mwanafunzi mwenyewe asingeweza kukiandika bila kuonekana anajisifu.

Jambo la mwisho kutoka kwangu. Siku hizi wapo watakaomshauri mwalimu aiandikishe barua kwa akili mnemba. Mwaka 2023 shule ya sheria ya Michigan iliwakataza waombaji kuitumia katika maelezo yao binafsi, na ile ya Arizona State ikaruhusu mwaka huohuo, kwa hiyo shule zenyewe hazijakubaliana kuhusu waombaji. Kwa upande wa barua, mashine haikukaa nawe darasani, na itaandika sifa zilezile inazomwandikia kila mtu.

Mshauri wa Wanafunzi, Nairobi:

Mwalimu amesema vizuri, na ninataka kuongeza upande wa Uingereza, kwa sababu wako wanaosoma mjadala huu wakikusudia LLB, shahada ya kwanza ya sheria, kule, na kwa sababu badiliko lao linaweza kumsaidia hata Ndugu Mkalimani.

Mimi ndiye ninayeandaa barua za wanafunzi wa shule yetu wanaoomba kupitia UCAS, huduma inayopokea maombi ya vyuo vya Uingereza. Kule barua ni moja tu kwa machaguo yote ya mwombaji, nayo huandikwa na shule. Mpaka miaka michache iliyopita ilikuwa maandishi huru yasiyozidi herufi 4,000, na kila shule iliyajaza ilivyojua. Kuanzia kwa walioomba kuingia mwaka 2024, UCAS iliigawa katika sehemu tatu. Ya kwanza, ambayo ni ya lazima, inaieleza shule yenyewe: mazingira yake, mitihani inayofanywa, jinsi alama tarajiwa zinavyopatikana. Ya pili ni ya mambo yaliyomkwaza mwanafunzi huyo, kama ugonjwa au msiba, na huandikwa kwa ridhaa yake. Ya tatu ni ya jambo lingine lolote mahususi ambalo vyuo vinapaswa kulijua kuhusu yeye.

Nilikuwa miongoni mwa waliolipokea badiliko hilo kwa mikono miwili, na bado nina msimamo huo. Maandishi huru yalizipendelea shule tajiri zenye watu wa kazi hiyo tu, waliojua namna ya kuupamba ukurasa, huku mwalimu wa shule ya kawaida akiandika ukweli kwa lugha kavu na mwanafunzi wake akionekana wa kawaida. Sehemu hizi tatu zinamwambia mwalimu huyo kinachotafutwa. Ninakubali kwamba kisa kama cha Mwalimu wa Morogoro hakipati nafasi pana kule, na kwa mwombaji wa sheria hilo ni hasara, ingawa vyuo kama Oxford, Cambridge na UCL vina mtihani wao wa LNAT wa kupima usomaji na hoja.

Sababu ya kulileta hapa ni ile sehemu ya kwanza. Ndugu Mkalimani, matokeo yako ya Dar es Salaam hayatageuzwa kuwa wastani wa Kimarekani wa pointi nne. LSAC hushirikiana na AACRAO, chama cha wasajili na maofisa wa udahili wa vyuo, kuzitathmini nakala za nje, na badala ya wastani huzipa neno la jumla tu, kama vile "bora" au "juu ya kawaida". Msomaji atakayeona GPA ya 4.1 kati ya 5 huenda asijue kwamba kwenu hiyo ni daraja la pili la juu, lililokaribia la kwanza, na kwamba wahadhiri wenu hawagawi alama A ovyo. Mwombe mmoja wa walimu wako aeleze hilo katika aya moja: ukubwa wa darasa, ugumu wa alama, na nafasi yako kati ya wenzako. Hakuna mtu mwingine katika faili lako lote anayeweza kulisema kwa mamlaka.

Mkalimani wa Columbus:

Shikamoo Mwalimu, na shukrani nyingi kwenu nyote. Nimeshamwandikia mhadhiri aliyesimamia utafiti wangu na kumwambia kwa heshima kwamba siruhusiwi kuandika mwenyewe, nikamtumia ukurasa wa kumbukumbu pamoja na utafiti. Amejibu kwamba anaukumbuka, na ameomba apewe hadi mwisho wa mwezi.

Limebaki la mzee aliyestaafu na la msimamizi wangu wa kazi. Je, barua ya kazini ina uzito mbele ya shule zinazotaka walimu? Na je, mjukuu anaweza kumsaidia babu yake kupakia?

Wakili wa Houston:

Hongera, hatua hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu.

Shule kama Yale na Harvard zinataka angalau barua mbili, Stanford inapokea mbili hadi nne, na zipo zinazoridhika na moja. Kila shule huandika idadi yake, basi isome kabla hujagawa. Yale husisitiza sana barua za walimu. Kwa hiyo barua zako mbili za kwanza ziwe za mhadhiri wa utafiti na za mzee. Ya tatu iwe ya msimamizi wako, na usiione kuwa ya ziada tu: ni wakili, amekuona ukiwa kati ya mteja na karani wa mahakama, na anaweza kueleza jinsi unavyolibeba neno la mtu mwingine bila kuliongeza wala kulipunguza. Mkumbushe tu, ingawa bila shaka anajua, kwamba asitaje habari yoyote itakayomtambulisha mteja. Mkuu wa idara mwache. Cheo cha mtu asiyekufahamu hakikuongezei chochote, na barua yake itakuwa ileile ya mwenendo mwema aliyoieleza Mwalimu.

Kuhusu mjukuu, kumsaidia babu kufungua kiungo na kuskani karatasi yenye saini hakuna ubaya, ilimradi maneno ni ya mzee na ndiye anayeamua kuyatuma. Kiungo kitoke LSAC kwenda kwenye baruapepe ya mzee mwenyewe, si ya mjukuu na kamwe si yako, na umpigie simu siku utakapokitoa ili kitafutwe hata kwenye folda ya barua taka. Mtandao wa kijijini ukisumbua, mtumie mjukuu fomu aichapishe. Mzee aandike, atie saini, aiweke fomu pamoja na barua katika bahasha ileile, na mjukuu aipeleke mjini kwa kampuni ya usafirishaji inayotoa namba ya kufuatilia. Maombi hufunguliwa karibu na Septemba na shule nyingi huyasoma kadiri yanavyoingia, kwa hiyo anza na mzee kabla ya wengine, wiki hii kama unaweza.

Mwalimu wa Morogoro:

Marahaba, ndugu yangu. Na unapompigia mzee, usianze na barua. Mjulie hali kwanza, umweleze kazi unayoifanya huko na hao wakimbizi, umwache aulize. Katika maswali yake utajua anachokikumbuka juu yako, na hicho ndicho utakachomwomba aandike.